Kabichi Inafunga Mombasa, Ukingoja Msimu wa Kusi

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia juzi: "Kaka, kabichi zangu nilizopanda Desemba zimetanda majani tu, hazifungi. Nizitilie mbolea gani?" Dadangu, usitie mbolea yoyote. Zing'oe, panda bamia mahali pake, na mbegu zilizobaki zifunge kwenye chupa kavu mpaka mvua za mwaka, yaani masika.

Kabichi hupenda baridi, nyuzi 15 hadi 20. Kwetu wakati wa kaskazi mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi, kwa hivyo utapata majani bila kichwa. Julai na Agosti, pepo za kusi zikivuma, joto hupungua kidogo, na hicho kidogo ndicho tunachokitafuta. Mimi husia mwishoni mwa Aprili, kitalu kikiwa chini ya kipaa cha makuti ili mvua isiivunje miche. Juni nahamisha, miche ikiwa na majani manne au matano, na Septemba nakata.

Haya sikuyapata kwa urahisi. Nilipokuwa nachimba matuta nyuma ya nyumba hapa Mtopanga, mzee mmoja jirani alisimama uani akanambia mbele ya watu, "Mwanangu, kabichi na sukuma ni mboga za bara. Hapa panda mchicha na kunde." Watu wakacheka. Neno lile lilinikaa moyoni, na ndilo lililokuwa likinitoa nje kila alfajiri baada ya swala kuinua jani moja moja na kutafuta viwavi. Wale wadogo wa kijani, wanaojirusha na kuning'inia kwa uzi ukiwagusa, ndio maadui wakubwa. Nilitwanga mbegu za mwarobaini, nikaziloweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni, maana jua huiua nguvu ya dawa hiyo. Nilinyunyiza chini ya majani, maana huko ndiko wanakojificha.

Kusi lililopita zikafunga. Ngumu, nzito, zinalia ukizigonga. Nikachagua iliyo kubwa kuliko zote nikampelekea mzee mwenyewe. Aliipokea, akaipima mkononi, akasema, "Hii umenunua sokoni Kongowea." Mpaka leo hajasema jingine. Imeniuma, na bado inaniuma.

Lakini nilikula jasho langu, nawe utakula lako, mradi ukubali kuufuata msimu. Narudia: fuata msimu. Udongo wetu wa mchanga haushiki maji wala chakula, kwa hivyo samadi ya mbuzi iliyooza vizuri uitie kwa wingi kabla ya kupanda, kisha utandaze nyasi kavu juu. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Maji ya kisima chenye chumvi huidumaza kabichi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, hata kama ni pipa moja. Miche ipe nafasi ya sentimita 60, usiione ardhi imebaki tupu ukaingiwa na tamaa.

Vijana wenzangu, tunanunua mboga zilizoshuka kwa lori kutoka Taita huku viwanja vyetu vimejaa magugu. Mwanamume mwenye jembe na ua nyuma ya nyumba hana udhuru. Kwa anayeanza, nasema aanze na sukuma wiki, maana haihitaji kufunga kichwa na joto inalivumilia kuliko ndugu yake kabichi. Chuma majani ya chini, ya juu yaache yakue, na shina moja litakulisha miezi. Likichoka, usirudishe sukuma wala kabichi kwenye tuta lile, kwani ni ukoo mmoja na wadudu wake ni wale wale. Tia kunde msimu huo, tena kunde za kula majani, nazo zitaurudishia udongo nguvu.