Tiba Isiyoshukuriwa

Wiki hii mmeuliza: "Ni tiba gani ya kienyeji ya watu wengine iliyokushangaza, na kwa nini?" Mimi nawataja Waairishi, watu wa Ayalandi, lakini si kwa mitishamba yao. Mwani uliochemshwa na maziwa kwa kikohozi? Mwani huku kwetu Paje tunauanika kila siku, ila sisi tunauuza nje.

Kilichonishangaza ni adabu ya tiba yenyewe. Kule tiba ni amana ya mtu. Huyu anayo ya kuungua moto, yule anayo ya mkanda wa jeshi. Kairithi kwa mzazi, au ni mtoto wa kiume wa saba mfululizo, au, kwa ile ya kuungua, aliwahi kulamba mjusi. Halipwi. Hata asante haambiwi, kwani huaminika kuwa shukrani huiharibu dawa. Mwambieni bibi yangu apewe kitu asishukuru, muone!

Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi kule waliwahoji wazee wao na kuyaandika mambo haya. Madaftari yao leo yanasomeka mtandaoni. Humo tunasoma kwamba zamani mtoto akishikwa na kifaduro, mzazi alimvizia mpita njia aliyepanda farasi mweupe au wa mabaka, akamuuliza dawa. Lolote alilotamka mpanda farasi, ndilo alilopewa mtoto. Hapo mimi sipo: kifaduro kinaua watoto wachanga, na chanjo ipo.

Lakini kuna kijiji cha Boho, kaunti ya Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini. Padri James McGirr, aliyefariki mwaka 1815, inasimuliwa aliahidi kwamba udongo utakaomfunika utaponya yote aliyoyaponya yeye akiwa hai. Tangu hapo watu huchota kijiko cha udongo huo, wakaufunga kitambaani na kuulalia chini ya mto, kisha sharti waurudishe kaburini. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa udongo wa hapo una bakteria wa jamii ya Streptomyces, wanaozuia vijidudu sugu visivyosikia antibiotiki, MRSA wakiwemo. Niliposoma hivyo nilinyamaza kidogo. Ila vijidudu hivyo vilishindwa kwenye sahani za maabara. Mgonjwa aliyelalia kitambaa hakuwamo katika utafiti.

Msomaji, Paje, Unguja