Mfumuko Ukipungua, Bei Hazijashuka

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Katika habari za uchumi naona wengine wakiandika 'mfumko wa bei' na wengine 'mfumuko wa bei'. Lipi ni sahihi?"

Andika mfumuko. Neno limetokana na kitenzi kufumuka, kama mshono au mkeka unavyofumuka, na irabu iliyomo katika kitenzi haina sababu ya kupotea katika nomino. Anayesema mfumko kwa kuwa ulimi wake una haraka simgombezi, maana anaeleweka. Nisiyeweza kumvumilia ni yule anayeliandika neno kwa herufi zake zote, kisha akatutangazia kwamba kwa kuwa mfumuko umepungua, bei nazo zimeshuka.

Tazama habari za eneo la euro. Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka, yaani kasi ya bei kupanda kulinganisha na mwaka uliotangulia, katika nchi zinazotumia sarafu hiyo ulifikia asilimia 10.6, Oktoba 2023 ulikuwa asilimia 2.9. "Ahueni Ulaya, bei zashuka," ndivyo waandishi wa aina hii wanavyopenda kutuarifu. Zimeshuka wapi? Chukua kapu la bidhaa lililogharimu euro 100 Oktoba 2021: mwaka uliofuata lilifika euro 110.60, na mwaka wa pili, huohuo wa "kushuka", likafika takriban euro 113.80. Mnunuzi anatoa euro tatu na ushei zaidi, na mwandishi anampa hongera! Nguo iliyokuwa ikifumuka shibiri nzima na sasa inafumuka wanda mmoja haijashonwa.

Kosa hili huzaa la pili: "Benki Kuu ya Ulaya imeshusha bei." Benki hiyo, yenye makao yake Frankfurt, haipangi bei ya mkate wala ya umeme; hupanga riba. Ilianza kuipandisha Julai 2022, na kufikia Septemba 2023 riba inayoyalipa mabenki kwa amana yanazoweka kwake ilikuwa imetoka asilimia hasi 0.5 hadi asilimia 4, ili mikopo iwe ghali, watu na kampuni wapunguze matumizi, na wauzaji wasithubutu kupandisha bei kwa kasi ileile. Kwa kasi ileile, nasema, kwa kuwa lengo lenyewe la benki ni mfumuko wa asilimia 2 katika muda wa kati, wala si sifuri. Hata ikifaulu kama ilivyokusudia, basi, bei zitakuwa zinapanda.

Atakaye kuandika "bei zimeshuka" na aandike panapostahili. Oktoba hiyohiyo ya 2023 Ubelgiji ilikuwa na mfumuko wa asilimia hasi 1.7 na Uholanzi hasi 1.0: huko, kwa wastani, bei zilikuwa chini kuliko mwaka uliotangulia, ilhali Slovakia, yenye sarafu ileile na iliyo chini ya riba ileile ya Frankfurt, ilikuwa na asilimia 7.8. Kwingineko sema mfumuko umepungua au, kama huogopi maneno mengi, kasi ya kupanda kwa bei imepungua. "Mfumuko umeshuka" nitaupitisha kwa shingo upande, ingawa najua kuwa huo ndio mlango walioingilia wote hao.