Kwa wageni wa maabara: bendi si ushahidi kwamba jeni imeruka

Wadogo zangu wa atachi, nawapenda, ila wiki hii mmenichosha. Nimesikia tena kuhusu transposoni, vile vipande vya DNA vinavyoweza kuhama mahali: "Transposoni inakatwa hapa, inabandikwa pale, ndiyo nakala zikaongezeka." Zinaongezekaje na ya kwanza imeng'olewa? Nilipouliza, kila mtu akainamia simu. Haya, sikilizeni kabla hamjakimbilia viazi karai.

1. Jueni kwanza mnazungumzia kundi gani. Retrotransposoni haing'oki: inanakiliwa kuwa RNA, kisha RNA inageuzwa DNA mahali papya. L1, retrotransposoni ya binadamu, hukata uzi mmoja wa DNA, aghalabu penye T nyingi. Mkia wa A wa RNA yake hushika hapo, na enzaimu yake huanza kuandika papo hapo. Mara nyingi haifiki mwisho, ndiyo maana nakala nyingi zimekatika upande wa 5', yaani mwanzo wake. Hata hivyo ziko kama 500,000, karibu asilimia 17 ya jenomu yetu (DNA yetu yote). Alu, retrotransposoni yetu nyingine, haina enzaimu yake, inadandia ya L1 bila nauli, na imepita milioni moja!

2. Za kukata na kubandika nazo huongezeka, ila kwa ujanja. Ac, transposoni ya mahindi, ikihama wakati DNA inanakiliwa, kutoka palipokwisha kunakiliwa kwenda pasiponakiliwa bado, itanakiliwa tena huko. Nyingine huacha pengo, nalo huzibwa kwa kuiga kromatidi dada (nakala pacha ya kromosomu) ambayo bado inayo. McClintock, mgunduzi wa transposoni, alisimama mbele ya wenzake mwaka 1951 akieleza mambo ya mahindi yake, wengi hawakumwelewa. Nobeli ikaja 1983. Kwa hiyo mkikosa makofi kwenye mkutano wa maabara, msinune.

3. Msichanganye marudio, yaani herufi za DNA zinazojirudia. Yale yaliyogeuziana kwenye ncha ni mali ya transposoni yenyewe. Kwa Tn3, transposoni ya bakteria, ni besi (herufi) 38. Yale mafupi ya nje ni ya mwenyeji: enzaimu hukata nyuzi mbili kwa kupishana, mapengo yakizibwa herufi zilezile zinajikuta pande zote mbili. Tn3 huacha besi 5 zilizorudiwa, mwenzake Tn5 huacha 9.

Hapa ndipo nilipoungulia. Nilichanganya E. koli sugu, yenye Tn3 kwenye plasmidi (DNA ndogo ya mviringo nje ya kromosomu), na bakteria mpokeaji asiye na usugu, nikamwaga kwenye sahani za dawa ya ampisilini, koloni zikajaa. Nikapiga PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya TEM-1, jeni ya usugu iliyo ndani ya Tn3, na bendi, ule mstari wa DNA kwenye jeli, ikatoka nene. Basi! Nikachapisha bango kubwa: Tn3 imerukia kromosomu ya mpokeaji. Hata mama nilimpigia simu. Siku ya maonyesho akaja profesa mmoja, mama wa makamo, akasoma lote kwa utulivu kisha akauliza, "Mwanangu, zile besi tano ziko wapi?" Nikamwonyesha jeli. "Na plasmidi ulitoa ukaiangalia?" Sikuwa nimetoa. Plasmidi nzima ilikuwa imevuka kwa mpokeaji, Tn3 ikiwa imekaa palepale ilipokuwa siku zote. Praima zangu zote mbili (vipande vifupi vinavyoonyesha PCR ianzie wapi) zilikuwa ndani ya jeni, kwa hiyo bendi ingetoka hata kama hakuna kilichoruka. Akanigusa bega, akaenda zake. Nami nikabaki jioni nzima nikiwaeleza watu jambo ambalo sasa nilijua si kweli, maana kulishusha bango kungeonekana zaidi.

Praima moja iwe ndani ya transposoni, nyingine nje yake. Someni mipaka yote miwili, mlinganishe na mahali hapo kabla ya kuingiliwa.

4. Tn3 hunakiliwa inaporuka. Kwa muda plasmidi mbili huungana zikiwa na nakala mbili, kisha enzaimu iitwayo resolvasi huzitenganisha. Mkiona plasmidi kubwa isiyotarajiwa, msiitupe.

5. Pandeni mpokeaji peke yake kwenye ampisilini, kila mara, mhakikishe haoti. Stima ikipotea, friza isifunguliwe.

Na aliyenionyesha jana zile koloni ndogo ndogo zilizoizunguka kubwa, akadai transposoni "imesambaa": hapana, kaka. Kubwa inavunja dawa inayoizunguka kwa enzaimu yake, beta-laktamasi, zisizo na kinga zinaota kwenye nafasi hiyo. Umeziacha sahani kwenye inkubeta wikendi nzima. Chukua ile ya katikati, uipitishe upya kwenye sahani mpya, na leo usiniletee jeli.