Maswali ya wasomaji: kuizunguka dunia peke yako ukitokea Mombasa

Barua za mara hii karibu zote zauliza jambo moja: watu wa Mombasa wanaotaka kuizunguka dunia, tena peke yao. Nimefurahi mno kuzipata. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina miaka 27. Nimeweka akiba nisafiri mwaka mzima. Mamangu amekataa katakata, asema mtoto wa kike hasafiri peke yake. Nifanyeje? (Mwalimu, Kibokoni)

Dada yangu, radhi ya mama itafute kabla ya viza. Lakini kwanza jua anachokataa ni kipi hasa. Kama pingamizi lake ni la mahram, yaani mwanamume wa jamaa wa kukusindikiza, hilo ni la dini na si langu kuliamua. Mwendeeni pamoja sheikh mnayemwamini nyote wawili, mkae, mmsikilize. Kama ni khofu, basi khofu hujibiwa kwa mambo anayoweza kuyaona. Mwandikie kwenye karatasi miji utakayopita, utalala wapi na utampigia siku gani. Umwahidi kwamba hutaingia mji mgeni usiku, na ahadi hiyo uitimize hata kama tiketi ya usiku ni rahisi zaidi. Mwonyeshe kwamba hosteli nyingi zina vyumba vya wanawake watupu, na kwamba treni za Kuala Lumpur, Delhi na Tokyo zina mabehewa ya wanawake.

Tena mkumbushe kwamba msafiri wa peke yake hakai peke yake muda mrefu. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa zamani, aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, hana mwenzi wala msafara. Haikuchukua muda akawa amejiunga na msafara wa mahujaji. Mwaka 1331 akalala hapa kwetu Mombasa usiku mmoja, akiwa njiani kwenda Kilwa, na akawasifu watu wake kwa dini na misikiti yao ya mbao. Wewe nawe utapata watu. Anza na safari ya majuma mawili jirani, Zanzibar kwa mfano. Mama akikuona umerudi mzima, mazungumzo yatakuwa mengine.

Nimesikia kuna tiketi moja ya kuizunguka dunia nzima. Ni kweli? Nikiwa na pasipoti ya Kenya itanifaa? (Fundi simu, Bamburi)

Ni kweli. Muungano wa mashirika ya ndege uitwao Star Alliance, ambao Ethiopian Airlines inayotua hapa uwanja wa Moi ni mwanachama wake, huuza tiketi ya namna hiyo. Masharti ni uende mwelekeo mmoja, mashariki au magharibi, uvuke Atlantiki na Pasifiki, na uanzie na kumalizia nchi moja ndani ya mwaka mmoja. Mwenye pasipoti ya Ujerumani atafaidi. Wewe usiinunue kwanza.

Sababu ni viza. Ile ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya, haiombwi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na ukiipata hukai zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Kwa hiyo anayeondoka Januari hawezi kuwa na viza ya Ulaya ya Novemba mfukoni. Itambidi aiombe akiwa njiani, na balozi kwa kawaida humtaka mtu aombe katika nchi anayoishi kihalali. Hapo ndipo safari hukwama, na tiketi imeshalipiwa. Marekani nayo ni fundo jingine. Viwanja vyao havina njia ya abiria anayepita tu, kwa hiyo hata kubadilisha ndege Los Angeles kwa saa mbili kwakutaka viza. Na ndege nyingi za kuvuka Pasifiki hutua huko.

Ninavyoona mimi, njia ipangwe kwa kufuata milango iliyo wazi. Afrika Kusini tangu Januari 2023 yatupokea bila viza, siku 90 kwa mwaka. Rwanda imewafungulia Waafrika wote. Ufilipino ni siku 30, na Malaysia na Singapore pia hazitutaki viza. Huo tayari ni mwendo wa miezi mingi bila kuomba mtu. Nchi za viza ngumu ziwe mwanzoni, ukiwa bado na barua ya kazi na taarifa za benki za karibuni. Pasifiki uivuke tu ikiwa viza umeishika mkononi. La huna, rudi kwa njia uliyoendea. Mwaka mzima kati ya Cape Town na Manila si safari ndogo, na hakuna aliyekulazimisha duara lifunge.

Pasipoti yenyewe Kenya hutoa ya kurasa 34, 50 na 66. Chukua nene, na ihakikishe ina zaidi ya miezi 6 siku zote uwapo njiani. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee neno la dalali. Halafu jua kwamba ukienda na tiketi ya kwenda tu, kaunta ya ndege huenda ikakuuliza utatokaje huko. Uwe na jibu lililochapishwa.

Sina hela ya ndege. Kilindini meli zaingia kila siku. Rafiki yangu asema tuzamie, tukifika mbele tutajua. Au naweza kufanya kazi melini nikalipia safari? (Kijana, Likoni)

Mdogo wangu, usizamie. Nakuomba.

Meli ya nafaka ikishapakia, ngama, yaani tumbo la meli la kuwekea shehena, hufukizwa dawa ya kuua wadudu, na gesi yake ya fosfini huua na binadamu vilevile. Ngama yenye makaa ya mawe, magogo au vyuma chakavu haihitaji hata dawa, kwani shehena yenyewe huila oksijeni. Mtu huteremka ngazi akaanguka bila kupiga ukelele. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Wengine hujibanza kwenye uwazi wa juu ya usukani wa nyuma ya meli, na meli ikishika bahari maji huwafikia. Aliyesalimika na hayo hufungiwa chumbani, bandari baada ya bandari zamkataa, mwishowe arudishwa kwao akiwa na rekodi itakayomfuata kila atakapoomba viza. Huko si kuiona dunia.

Zamani kijana wa pwani aliweza kupanda jahazi kwa kujuana na nahodha. Kwa meli kubwa hilo halipo. Tangu Julai 2004, kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ziitwazo ISPS, zinataka kila anayepanda ajulikane. Lakini swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwani ubaharia ni kazi na hapa pana pa kujifunzia. Chuo cha Bandari Maritime Academy kipo papa hapa Mombasa, na Kenya Maritime Authority ndiyo mamlaka inayosimamia mabaharia. Kozi ya kuanzia ni ile ya msingi ya usalama, STCW: kuogelea kwa kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza. Bila cheti hicho hakuna kampuni ya maana itakayokuchukua. Njia hii ina foleni, nakubali, na kazi haipatikani siku ya pili. Ila anayeipita huingia Rotterdam na Santos kwa jina lake mwenyewe, na analipwa. Ningetaka sana uwe mmoja wao.

Nikivuka ule mstari wa tarehe, Ijumaa yangu itakuwaje? (Muuza vitabu, Majengo)

Mstari huo umepita katikati ya Pasifiki, na kila upande una tarehe yake. Ukiuvuka kuelekea magharibi siku hupotea. Ukiruka Los Angeles Alhamisi usiku, watua Fiji Jumamosi asubuhi, na Ijumaa imekupita hewani. Ukielekea mashariki siku hujirudia. Hata nchi nzima imewahi kukosa Ijumaa: Samoa ilipohamia upande wa pili wa mstari, walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 wakaamka Jumamosi tarehe 31. Musafiri hana wajibu wa sala ya Ijumaa, huswali adhuhuri, na ana ruhusa ya kukusuru, yaani kufupisha sala. Jua na kalenda ya pale ulipo ndivyo vya kufuata. Ikiwa waenda ndani ya Ramadhani, hesabu ya funga mwulize imamu kabla hujaondoka.

M-Pesa itanisaidia huko nje? (Mama lishe, Kongowea)

Kwa kiasi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa Visa hulipia hoteli na tiketi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mtandao ukikatika au simu ikiibwa huna kitu. Beba na kadi ya benki, pamoja na dola safi zisizochanika, kila kimoja mahali pake. Laini yako ya Kenya usiizime, maana namba za siri za benki huingia humo.

Sindano gani ni lazima? (Mwanafunzi, Tudor)

Homa ya manjano. Tukitoka Kenya nchi nyingi huidai. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Kikae pamoja na pasipoti. Nyingine zategemea uendako, mwone daktari.

Nimestaafu bandarini, nina miaka 63, mke wangu amefariki, watoto wameoa na kuolewa. Nimechelewa? (Mzee, Changamwe)

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa msiba. Hujachelewa hata kidogo. Una pensheni, na hakuna anayekungoja kazini. Bima ya afya tu isome kwa makini. Baadhi huongeza bei kwa umri, na nyingine hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla. Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari.

Kwa mwanzo, panda basi la Tanga kupitia Lunga Lunga, halafu Dar es Salaam. Hapo ulizia treni ya TAZARA kama inakwenda. Ni kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ratiba yake haina haraka. Ukifika huko, Livingstone na Maporomoko ya Victoria ni basi la siku moja. Baada ya hapo kusini yote iko mbele yako. Niandikie ukifika.