Kimbunga Kikija, Meli ya Kitalii Hukimbilia Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, Nahodha. Mimi ni baharia wa Shela, Lamu, na kazi yangu ni kupeleka wageni Manda na Kiwayu kwa mashua. Mwanangu amepata kazi ya jikoni katika meli ya kitalii inayotoka Florida na kuzunguka visiwa vya Karibiani, na mkataba wake unaanza Julai hadi Januari. Nimeambiwa kwamba sehemu kubwa ya muda huo ni msimu wao wa vimbunga, na mamake tangu asikie hivyo halali. Sisi huku hali ikichafuka tunakimbilia nyuma ya kisiwa, tunatia nanga na kungoja. Lakini nasikia meli hizo, kimbunga kikikaribia, hutoka bandarini na kwenda bahari kuu. Je, ni kweli? Na chombo kirefu vile kwenda juu, mithili ya jumba la ghorofa, hakipinduki?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na mama mtoto umfikishie salamu zangu kutoka Malindi.

Uliyoyasikia ni kweli. Meli kubwa hutoka bandarini, na hutoka mapema, pengine siku mbili nzima kabla upepo haujaanza hata kutikisa minazi. Mashua yako inaogopa wimbi, kwa hiyo inatafuta maji yaliyokingwa na ardhi. Meli yenye urefu wa mita 300, ambayo ubavu wake umeinuka juu ya maji kama ukuta, haiogopi sana wimbi. Inachoogopa ni kitu kigumu kilicho karibu nayo, kama gati, mwamba, fungu la mchanga au meli nyingine. Ukuta ule wote ni tanga lisiloweza kutuliwa. Tena nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake, kwani upepo ukiongezeka mwendo mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Kamba zinazoishikilia meli gatini katika upepo wa noti 30 zitakuwa zinavutwa mara nne zaidi upepo ukifika noti 60 (noti moja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, kwa saa). Kisha maji yenyewe hupanda, kwa sababu kimbunga husukuma bahari kuelekea pwani, na meli iliyofungwa kwa kimo cha maji ya kawaida huinuliwa huku ikigongwa gatini, mpaka kamba zianze kukatika moja baada ya nyingine. Nahodha hangoji kuyaona hayo.

Hata akitaka kubaki, huenda asiruhusiwe. Katika bandari za Marekani, Walinzi wa Pwani hutangaza hali nne za tahadhari kwa herufi W, X, Y na Z, wakihesabu saa 72, 48, 24 na 12 kabla ya wakati unaotarajiwa upepo mkali kufika. Ikitangazwa Z, bandari imefungwa, haingii mtu wala hatoki. Meli ya kitalii yenye nahodha makini huwa imeshatoka zamani.

Sasa, huko nje inakwenda kufanya nini? Hapa watu wengi hukosea, na sinema zimechangia kosa hilo, kwa kudhani kwamba meli hutoka ili ikapambane na kimbunga. Hutoka ili ipate nafasi ya kukikwepa. Kimbunga cha Karibiani kwa kawaida husafiri kwa noti 10 hadi 15, na wakati mwingine husimama kabisa, ilhali meli ya mwanao inaweza kukimbia noti 20 au zaidi. Kwa hiyo, mradi uamuzi umefanywa mapema na mbele kuna maji ya kutosha, meli ndiyo inayochagua umbali utakaokuwapo kati yao. Safari iliyopangwa kwenda visiwa vya mashariki hubadilishwa ikawa ya magharibi, abiria wanaamka na kukuta Mexico badala ya Saint Thomas, na wengi hunung'unika kwa sababu juani hapo walipo hakuna hata dalili ya mvua. Manung'uniko hayo ndiyo ushahidi kwamba kazi imefanywa vizuri.

Kipimo kinachotumika ni hiki. Kimbunga huhesabiwa kuwa kimbunga kamili upepo wake unapofika noti 64, lakini baharia hapimi umbali wake kutoka kwenye jicho, yaani kitovu cha kimbunga, wala kutoka kwenye noti 64. Anapima kutoka kwenye mpaka wa noti 34, kwa kuwa upepo ukishafika hapo bahari huanza kumnyang'anya meli uhuru wa kugeuka na kukimbia atakavyo. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa taarifa kila baada ya saa sita, zikionyesha njia inayotabiriwa na upana wa mduara huo wa noti 34. Kwa kuwa utabiri hukosea, mabaharia huongeza kanuni wanayoiita moja-mbili-tatu. Kwenye utabiri wa saa 24 mduara unapanuliwa kwa maili 100, kwenye wa saa 48 kwa maili 200, na kwenye wa saa 72 kwa maili 300. Eneo lote linalopatikana huchorwa kwenye ramani na kuachwa. Ukilichora mara ya kwanza utashangaa jinsi linavyomeza nusu ya Karibiani, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini uamuzi hufanywa siku tatu kabla.

Ikitokea meli imekaribia kuliko ilivyokusudiwa, upande iliopo una maana kubwa. Katika kizio cha kaskazini upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mtu akikitazama kwa kufuata njia kinakokwenda, upande wa kulia ndio wa hatari, kwa sababu mwendo wa kimbunga chenyewe hujumlishwa kwenye upepo, na upepo huo humsukuma baharia kuelekea mbele ya jicho. Upande wa kushoto upepo hupungua na humsukuma nyuma ya njia, ndiyo maana waliotutangulia waliuita upande unaopitika. Kwetu kusini mwa ikweta kila kitu hugeuka, na upande wa kushoto ndio wa kuogopa. Ndani ya meli mpya zenye setilaiti na rada bado tunaitazama baromita, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, kama walivyofanya mababu, maana katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka kwa utaratibu uleule kila siku. Ukishuka milibari 3 chini ya kawaida ya msimu ni lazima ushuku, na ukishuka 5, usishuku tena bali ugeuze omo, yaani mbele ya meli. Dalili nyingine unaijua wewe bila chombo chochote, nayo ni yale mawimbi marefu, mazito, yanayokuja polepole siku ambayo upepo wala haupo, yakitoka upande ambao jambo linapikwa.

Mara mbili ninazowakumbusha vijana ni hizi. Oktoba 1998, meli ya matanga iliyobeba watalii, jina lake Fantome, ilishusha abiria wake Belize kwa sababu ya kimbunga Mitch, kisha ikatoka na mabaharia wake kwenda kutafuta kinga karibu na visiwa vya Honduras. Mwendo wake ulikuwa mdogo, upande mmoja ulikuwa na bara, na Mitch akageukia kusini kinyume cha ilivyotabiriwa. Watu 31 walipotea. Tarehe 1 Oktoba 2015 meli ya mizigo El Faro ilizama karibu na Bahamas ndani ya kimbunga Joaquin ikiwa na watu 33. Nahodha alikuwa akitegemea ramani ya hali ya hewa ambayo taarifa zake zilikuwa zimepitwa na saa kadhaa, na alipita karibu mno. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyofanana na meli ya mwanao kwa ukubwa, mwendo au mitambo, lakini sababu zilizoziua ni zilezile tunazozihofia hadi leo: kukosa nafasi ya kukimbilia, na kuamua kwa taarifa iliyochelewa.

Swali lako la kupinduka ni zuri, na ninaona limeulizwa na mtu anayejua farumi ni nini. Jahazi tupu hupakiwa mawe chini ili lisilale, na meli hizi zinafanya vivyo hivyo, ila kwamba farumi yao ni maji ya bahari yanayovutwa na pampu kuingia kwenye matangi ya chini na kuhamishwa kutoka upande hadi upande kadiri inavyohitajika. Mashine, mafuta na mitambo yote mizito iko chini kabisa, na ghorofa za juu, ambazo ndizo zinazomtisha mtazamaji, ndani yake kwa sehemu kubwa ni vyumba, yaani hewa. Uzito wa kweli umekaa chini. Zaidi ya hapo, ubavuni chini ya maji kuna mapezi mawili au manne yanayochomozwa kama ya samaki, ambayo hujigeuza yenyewe kupunguza kulala kwa meli huku na huku. Mapezi hayo hufanya kazi vizuri meli ikiwa na mwendo, na hayasaidii chochote omo inapopanda na tezi, yaani nyuma ya meli, kushuka. Kwa hiyo mwanao atalewa bahari siku moja, hilo sikufichi.

Kulala kwa upepo kupo, lakini ni kwa nyuzi chache. Februari 2016 meli Anthem of the Seas, iliyokuwa na abiria zaidi ya 4,000, iliingia katika dhoruba ya majira ya baridi mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani, yenye nguvu iliyopita kwa mbali ile iliyotabiriwa. Fanicha zilivunjika, watu wachache walijeruhiwa, na meli ikarudi New Jersey kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka uliofuata kampuni yake iliajiri mtaalamu wake wa hali ya hewa wa kukaa naye muda wote, jambo ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kufanywa miaka mingi kabla. Mimi nahofia zaidi mitambo kuzimika kuliko kupinduka, kwa sababu meli isiyo na mashine hujigeuza ubavu kwa wimbi na kusukumwa kuelekea nchi kavu. Machi 2019 Viking Sky ilizimikiwa na mitambo ndani ya dhoruba kwenye pwani ya Norway kwa kuwa mafuta ya kulainisha yalikuwa kidogo kwenye matangi na meli ikawa inayumba. Watu zaidi ya 400 walitolewa kwa helikopta kabla meli haijafika bandarini. Hicho hakikuwa kimbunga cha kitropiki, ila mashine haziulizi dhoruba imezaliwa wapi.

Pengine utajiuliza pia ni nani anayeamua. Makao makuu ya kampuni yana wataalamu na yana hesabu zao za fedha, lakini sheria ya kimataifa ya usalama wa maisha baharini inamkataza mwenye meli kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wenye sheria nao walilijua hilo.

Kwa mwanao mwenyewe, jikoni ndipo mahali ambapo dhoruba huumiza watu kwa njia ndogondogo. Ikitangazwa bahari mbaya, makarai ya mafuta ya moto huzimwa, masufuria huzungushiwa vyuma vya kuyazuia kwenye jiko, sahani hufungwa kabatini, na chakula cha siku hiyo huwa ni kile kisichohitaji kukaangwa. Juu ya sitaha mabwawa ya kuogelea humwagwa maji, viti hufungwa kamba, na milango isiyopitisha maji hufungwa. Mwambie asione aibu kutii hata kama mpishi mkuu ana haraka. Jambo jingine la kumwandaa ni kwamba bandari ikifungwa, meli hukaa nje. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoizamisha Texas kwa mvua, meli za kitalii zilizokuwa zirudi Galveston zilibaki baharini siku kadhaa, baadhi zikaingia New Orleans kuchukua chakula na mafuta kisha zikatoka tena. Kimya cha siku mbili hakimaanishi maafa.

Usijilaumu kwamba hukuyajua haya, kwa kuwa Lamu iko nyuzi 2 na robo tu kusini mwa ikweta, na kimbunga kinahitaji msokoto unaotokana na mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndiyo maana ni nadra sana kuonekana ndani ya nyuzi 5. Kusi inatupiga, lakini hiyo ni pepo ya msimu. Wenzetu wa kusini ndio wanaokijua: Unguja ilipigwa Aprili 1872 mikarafuu ikang'olewa, Lindi 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi Mafia, sisi tukapata upepo na mawimbi ya pembeni tu.

Mkitaka kufuatilia wenyewe, taarifa za Miami wakati kimbunga kipo hutoka kwa saa zetu saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na saa hizo hazibadiliki hata wao wakigeuza saa zao Novemba. Someni ile ya saa kumi na mbili jioni, tazameni mduara wa noti 34 umefika wapi na meli iko wapi. Ile ya saa sita usiku mwachieni afisa wa zamu, ili mamake apate kulala.