Barua kwa mwanangu: pampu haizai mafuta

Kayenze, Mwanza

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza ufanye nini ili wauguzi walio chini yako katika wodi ya wazazi wafanye kazi kwa moyo, ilhali mishahara yao si wewe unayeipanga. Unaeleza kwamba kwa wiki tatu sasa, kila anapokosekana mtu, wewe muuguzi mfawidhi ndiye unayeziba pengo lake ili wenzako wapate mfano, na bado nyuso zao zimepooza. Katikati ya hayo umeandika mstari mmoja tu, kama jambo la kupita, kwamba juzi saa kumi alfajiri ulimkemea dada mmoja mbele ya wenzake, na mbele ya mzazi aliyelala kitandani, kwa ajili ya faili alilolisahau. Swali lako linahusu wauguzi, lakini mimi nimekwama kwenye mstari huo.

Unazikumbuka karabai zetu, zile taa za mafuta za kupigwa pampu, zilivyopangwa ukutani mchana, nanyi mkikatazwa kuzigusa. Kabla ya taa za sola kuingia, dagaa wa ziwa hili walivuliwa kwa karabai zilizoeleshwa juu ya maboya, na kila jioni kabla ya kutoka nilizitikisa moja moja karibu na sikio ili nisikie mafuta yakicheza tumboni mwake. Karabai iliyopungukiwa mafuta huanza kufifia na kupwitapwita, na mvuvi mgeni hudhani dawa yake ni kuipiga pampu. Atapiga mpaka kidole gumba kitoke lengelenge. Taa itashtuka kidogo, kisha itazimika. Nilikwambia tangu ulipokuwa shuleni Nganza, na leo narudia: pampu haizai mafuta.

Hili sikulipata kwa akili, nililipata kwa hasara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, bei ya sangara ikaanguka, nasi tuliokuwa na mkopo wa nyavu tukakimbilia dagaa. Dagaa ni wa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa haiwakusanyi, ndiyo maana wazee walifunga mitumbwi siku zile wakashona nyavu na kulala. Mimi niliamua kwamba siku za mwezi ni za kwenda sokoni Mwaloni Kirumba kuuza dagaa mwenyewe bila dalali, na mchana wa siku za giza ni wa kushinda juani nikiwasimamia wanaoanika, kisha jioni niingie ziwani. Nilijiona kiongozi kweli kweli, kwa kuwa kambini hapakuwa na mtu aliyenizidi kuchoka.

Usiku wa nne wa giza, yapata saa tisa, tulikuwa tumekwisha kuizungushia taa ya pili wavu na tunaivuta taratibu, kazi inayotaka ukimya, maana kishindo kidogo huwatawanya dagaa. Kasia la yule mzee wa Ukerewe, ambaye ninyi mlimwita Babu wa Machungwa, liligonga ubavu wa mtumbwi. Liligonga mara moja tu. Nilisimama nikamwita mvivu, nikamwita mzee asiye na kazi, mbele ya vijana wawili ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kushika kamba. Hakunijibu. Alilipangusa kasia kwa upindo wa shati lake, akalilaza chini polepole mno ili lisitoe sauti, na akabaki ameliwekea mkono mpaka kulipokucha.

Usiku uliofuata upepo wa alfajiri ulitusukuma kuelekea mawe yaliyo karibu na kisiwa. Wote waliyaona kabla yangu, na hakuna aliyefungua mdomo. Wavu ulichanika, lakini wavu hununuliwa. Giza lile lilipokwisha, mzee alivuka kurudi Ukerewe na hakukanyaga tena kambini kwangu.

Hapa huwa nabishana na nafsi yangu. Ningelala, mkopo ungelipwa na nani, na ada ya kaka yako je? Mama yako husema uchovu ule ndio uliowasomesha, naye hajakosea, kwa sababu zipo siku ambazo kiongozi hana budi kushika kasia hata kama mikono imekufa ganzi. Lakini nikihesabu kwa haki, mkopo ulilipwa na dagaa wa usiku, wala haukulipwa na kushinda kwangu juani, kazi ambayo mama yako na wenzake waliijua kuliko mimi. Nilishinda pale kwa kuwa sikuamini kwamba kazi ingeendelea bila macho yangu.

Kwa hiyo unaponiuliza uwape nini, nami nakuuliza ulilala saa ngapi kabla ya saa kumi ile. Wauguzi wako huusoma uso wako mnapokabidhiana zamu, kabla hujatamka neno, na uso wa mtu asiyelala wiki tatu husomeka kama lawama hata asipolaumu. Nawe uwe na siku zako za kufunga mtumbwi na kulala, kama wazee mwezi ulipopevuka; ziandike kwenye ratiba, ubaoni, wote wazione. Mwachie msaidizi wako wodi usiku mmoja mzima bila kumpigia simu. Maneno makali yalaze, uyaseme mchana ukiwa umekula, mkiwa wawili tu. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri mwili hudai usingizi kwa nguvu zote, ziwani na wodini sawasawa, na hukumu ya saa hizo siiamini hata ikiwa yangu. Pampu haizai mafuta, mwanangu.

Kama uachie cheo au usiachie, sitasema. Neno ninalo, tena liko mdomoni, lakini mama yako amenisihi nilimeze kwa kuwa wodi unaijua wewe, nami nimelimeza kwa shida.

Mwaka 2006 nilimkuta Babu wa Machungwa Mwaloni, ameketi juu ya gunia lake. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, nahodha." Maneno ya kumwomba radhi yalikuwa kooni kwa miaka saba, na pale nikajikuta namwuliza bei. Alinichagulia machungwa sita, akakataa pesa, akasema ni ya watoto. Ndiyo yale mliyoyala mkashangaa kwa nini baba hataki hata kipande. Alifariki kabla sijavuka kwenda kwake.

Huyo dada wa faili, wiki hii yuko zamu gani?

Baba yako