Re: Kuanza na kontena kwenye laptopu ya GB 4
Mkuu, umeuliza kama laptopu yako ya RAM GB 4 itaweza kuendesha programu ya stoo ya duka lenu hapo Ngamiani, Tanga, ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye programu pamoja na vitu inavyovihitaji ili iendeshwe. Itaweza, hasa ukiweka mfumo endeshi wa Linux. Kontena halibebi mfumo endeshi mzima kama mashine pepe, yaani kompyuta nzima ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako. Linatumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kompyuta yenyewe, ndiyo maana ni jepesi. Sakinisha Docker, programu ya kuendesha kontena, kisha kwenye dirisha la kuandika amri (terminal) andika docker run hello-world, ikijibu umeshaingia.

Angalia sana data. Ukifuta kontena, hifadhidata iliyomo ndani inaondoka nalo, kwa hiyo nakuomba utengeneze volyumu, yaani sehemu ya kutunza data nje ya kontena, kabla hujaingiza hata bidhaa moja. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi kwenye kompyuta nyingi, iache kwanza, duka moja haliihitaji. Ukikwama, bandika hapa ujumbe wote wa kosa.